Njia Mbili Ndani ya Nyumba Moja: Historia ya Kuligawa Handaki la VPN

Mwishoni mwa miaka ya 1990, barua pepe iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya mtaa wa pili ilipanda kwanza kwenye satelaiti, ikashuka Ulaya au Marekani, ikapanda tena, ndipo ikarudi Nairobi. Kampuni za intaneti za Kenya zilikuwa hazijaunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Kila moja ilikuwa na njia yake ya kwenda ng'ambo, nayo ililipiwa kwa pesa za kigeni. Novemba 2000 kampuni hizo zikafungua kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, ili ya hapa yabaki hapa na ya ng'ambo ndiyo yasafiri. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na baada ya wiki mbili hivi mdhibiti akakifunga kituo. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Safari ya pakiti kati ya wateja wa kampuni mbili za Nairobi, iliyokuwa ikichukua milisekunde 200 hadi 600, ikashuka hadi kati ya 2 na 10.

Mtu anayewasha VPN nyumbani leo, yaani handaki la usimbaji linalopeleka mawasiliano yake hadi seva ya mbali, huirudisha safari ile ya zamani bila kujua. Akiwa Kampala, na seva ya VPN yake ikiwa Amsterdam, tovuti ya gazeti la Kampala humfikia baada ya kupitia Uholanzi. Printa iliyo chumba cha pili haionekani tena kwenye kompyuta. Programu ya benki inamwona kama mteja aliyeibuka ghafla Ulaya. Dawa yake wahandisi huiita kuligawa handaki: yanayohitaji ulinzi yapite ndani ya VPN, na mengine yatoke kwa njia ya kawaida. Dawa hiyo ina umri wa zaidi ya robo karne, na muda wote huo imegombaniwa.

Ugomvi ulianza na modemu. Hadi katikati ya miaka ya 1990, mfanyakazi aliyetaka kuingia kwenye mtandao wa ofisi akiwa nyumbani au safarini alipiga simu moja kwa moja hadi kwenye modemu za ofisi. Akiwa mji mwingine, kampuni ililipia simu ya masafa marefu kwa kila dakika. Mwaka 1993 John Ioannidis na Matt Blaze walikuwa wameshaonyesha, kwa mfumo wao wa swIPe, kwamba pakiti za intaneti zinaweza kufungwa kwa usimbaji na kupitishwa salama katika mtandao wa watu wote. Mwaka 1996 Microsoft na washirika wake wakatoa PPTP, itifaki ambayo Gurdeep Singh Pall anatajwa sana kuwa miongoni mwa walioibuni, ikaingia ndani ya Windows NT 4.0. Mfanyakazi sasa alipiga simu kwa kampuni ya intaneti ya mjini kwake, kisha akachimba handaki hadi ofisini. Miaka miwili baadaye Bruce Schneier na Mudge waliichambua PPTP ya Microsoft na kuonyesha udhaifu mkubwa katika usalama wake, lakini gharama ya simu ilikuwa imeshaamua mambo.

Ndani ya Windows kukawa na kisanduku kidogo cha kutia tiki. Ili kukifikia ilibidi kufungua sifa za muunganisho, kwenda kwenye ukurasa wa mtandao, kuchagua itifaki ya intaneti, halafu kubofya mipangilio ya ziada. Maneno yake kwa Kiswahili yangekuwa: tumia lango kuu la mtandao wa mbali. Kisanduku kilikuja tayari kimetiwa tiki, na kila kitu, hata ukurasa wa matokeo ya mpira, kikaenda ofisini kwanza kabla ya kutoka nje. Aliyeiondoa tiki aliligawa handaki. Watu wengi walijifunza mgawanyo kwa njia hiyo, kwa kuelekezwa na jamaa wa idara ya kompyuta au kinyume cha matakwa yake.

Mwaka 2000 Cisco iliinunua kampuni ya Altiga, na mashine za Altiga zikawa msingi wa VPN 3000 za Cisco zilizotumiwa na ofisi nyingi. Humo msimamizi alipewa chaguo tatu: pitisha kila kitu handakini, pitisha kila kitu isipokuwa mitandao iliyo kwenye orodha, au pitisha ile tu iliyo kwenye orodha. Programu za VPN zinazouzwa leo kwa matumizi ya nyumbani zimebadili rangi na vitufe, lakini chini yake ni chaguo zile zile tatu.

Wakuu wa usalama waliipenda ile ya kwanza, ya kupitisha kila kitu. Hoja yao ilikuwa nzito. Kompyuta iliyogawanyika ina mguu mmoja ndani ya ofisi na mwingine kwenye intaneti ya wazi. Ikiingiwa na mdukuzi kupitia mguu wa nje, anavuka hadi ndani bila kugusana na ulinzi wa lango la ofisi. Tena ofisi haiwezi kuchuja wala kukagua kisichopita kwake. Mwaka 2015 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipotoa mwongozo wa 800-171 kwa wakandarasi wanaoshika taarifa nyeti za serikali, iliweka sharti la kuuzuia mgawanyo huo kwenye vifaa vya mbali.

Wakati huo huo VPN ilikuwa ikihama kutoka ofisini kwenda kwa mtu binafsi. Mwaka 2001 James Yonan, mtaalamu wa programu aliyekuwa akifanya kazi huku akisafiri Asia ya Kati, alikosa amani na watoa huduma ambao mawasiliano yake yalipita mikononi mwao. Akaandika OpenVPN na kuitoa bure. Ndani yake mna ujanja mmoja unaostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndio unaoeleza mgawanyo wote unavyofanya kazi.

Kila kompyuta ina jedwali la njia. Pakiti ikitaka kutoka, kompyuta husoma jedwali na kuchagua mstari unaotaja anwani ile kwa umahususi zaidi. Ikikosa, hutumia mstari wa jumla, 0.0.0.0/0, unaoelekeza kwenye ruta ya nyumbani. OpenVPN, kwa amri ya redirect-gateway def1, haiufuti mstari huo wa jumla. Huongeza mistari miwili, 0.0.0.0/1 na 128.0.0.0/1, ambayo kila mmoja unashika nusu ya anwani zote. Kwa kuwa nusu ni mahususi kuliko jumla, pakiti zote hufuata handaki. VPN ikizimwa, mistari miwili inaondoka na njia ya zamani ingali pale pale, haijaguswa. Ukielewa hilo umeelewa na mgawanyo: badala ya nusu mbili za dunia, andika 10.20.0.0/16 ya ofisi peke yake, na mengine yote yataendelea kutokea kwenye ruta kama kawaida.

Hata printa ilipotelea katika jedwali hilo hilo. Tangu miaka ya 1990 anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa mitandao ya ndani, na ndizo ruta nyingi za nyumbani hugawia printa, televisheni na kamera. VPN inayopitisha kila kitu ikizisomba na hizo, maombi ya kuchapa yanapelekwa ofisini, ambako hakuna printa yenye anwani hiyo, au ipo ya mtu mwingine.

Simu ikaleta mgawanyo wa namna nyingine. Android 4.0 ya mwaka 2011 iliruhusu programu yoyote kujenga VPN bila kuifungua simu kwa nguvu, na Android 5.0 ya mwaka 2014 ikaongeza uwezo wa kutenganisha programu kwa programu. Mtengenezaji wa VPN anaweza kuandika orodha ya programu zinazoruhusiwa handakini, au orodha ya zilizokatazwa, lakini si zote mbili kwa pamoja. Mtumiaji hakuhitaji tena kujua anwani. Aligusa alama ya WhatsApp, akaiacha ya benki.

Uganda ikawa mahali ambapo jambo hili lilitoka kwenye karatasi za wahandisi na kuingia mifukoni mwa watu. Februari 2016, siku ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ilizibwa na VPN zikapakuliwa kwa wingi. Tarehe 1 Julai 2018 ikaanza kodi ya shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kila anayetumia Facebook, WhatsApp, Twitter na mitandao kama hiyo. Watu wakarudi kwenye VPN ili kampuni ya simu isijue wanafungua nini, na mdhibiti naye akatangaza kwamba VPN zitazibwa. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021, mahali pake pakawekwa asilimia 12 kwenye bando za intaneti. Lakini kabla ya uchaguzi wa Januari 2021 Facebook ilikuwa imezibwa, na mitandao mingine iliporudishwa Februari, yenyewe iliachwa imefungwa.

Hapo mgawanyo ukawa suala la pesa. Kampuni ya simu haiwezi kuona kilichomo handakini, kwa hiyo aliyenunua bando la WhatsApp peke yake na kuwasha VPN hukatwa kwenye bando la kawaida, au hukatwa salio. Usimbaji wenyewe huongeza uzito kidogo kwa kila pakiti. Mwenye bando dogo ana sababu nzuri ya kuipitisha handakini programu moja iliyozibwa na kuziacha nyingine zipite njia yao.

Kilichowageuza wakubwa wa ofisi hakikuwa hoja mpya ya usalama. Kilikuwa Machi 2020. Kwa siku chache tu mamilioni ya wafanyakazi walirudishwa nyumbani kwa sababu ya UVIKO-19, kila mmoja na mikutano yake ya video. Watumiaji wa kila siku wa Microsoft Teams waliongezeka kwa milioni 12 ndani ya wiki moja, wakafika milioni 44. Mashine za VPN zilizonunuliwa kwa ajili ya wachache waliokuwa safarini zikazidiwa, kwa kuwa video ya mkutano ilitoka nyumbani, ikaingia ofisini, ikatoka tena kwenda kwa Microsoft, na kurudi vivyo hivyo. Microsoft yenyewe ikawashauri wateja wagawe handaki: anwani chache za huduma zake, zilizobeba zaidi ya asilimia 75 ya mzigo wa Office 365, zitoke moja kwa moja nyumbani. Kilichokuwa kosa kwenye sera za ofisi nyingi kikawa ushauri rasmi.

Mwezi huo huo WireGuard, iliyoandikwa na Jason Donenfeld, iliingia rasmi kwenye toleo la 5.6 la Linux. Humo mgawanyo si kisanduku kilichofichwa. Ni mstari mmoja, AllowedIPs, ambao lazima ujazwe. Ukiandika 0.0.0.0/0, kila kitu cha anwani za zamani za IPv4 kinapita handakini. Ukiandika mtandao wa ofisi peke yake, umegawa. Anayesahau kujaza ::/0 kwa ajili ya anwani mpya za IPv6, huku nyumba yake ina IPv6, amegawa bila kukusudia.

Wapinzani wa zamani nao hawakukosea kabisa. Agosti 2023 watafiti, Mathy Vanhoef akiwa miongoni mwao, walitangaza mashambulizi waliyoyaita TunnelCrack. Mojawapo liliitumia ruhusa ya kuuacha mtandao wa ndani nje ya handaki, ile inayoiokoa printa: mwenye Wi-Fi mbaya huipa kompyuta anwani za tovuti halisi kana kwamba ni za mtandao wa ndani, na VPN, kwa kuheshimu ruhusa hiyo, inaziachia zitoke nje ya handaki. Mei 2024 ikafuata TunnelVision. Kipengele cha DHCP, itifaki ya kuvigawia vifaa anwani, kilichosanifiwa mwaka 2002, namba 121, kinairuhusu ruta kuiandikia kompyuta mistari mipya ya njia, na mistari hiyo ikiwa mahususi kuliko zile nusu mbili, pakiti huhama handaki huku alama ya VPN ikiendelea kuonyesha kwamba imewaka. Android ilisalimika kwa sababu haikitumii kipengele hicho.

Sheria pia imeingia nyumbani. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kutoa taarifa zao, pamoja na anwani ya mtandao, ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo. Kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2020 zilizotajwa katika tangazo zina adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Anayepanga VPN nyumbani Tanzania, yenye mgawanyo au isiyo nao, aanzie hapo.

Baada ya hapo kazi yenyewe ni fupi. Orodhesha kwanza kinachohitaji handaki: mfumo wa ofisi, mafaili ya kazi, programu moja au mbili. Andika hivyo peke yake kwenye orodha ya kuruhusiwa, na uache printa, televisheni na benki nje. Hakikisha maswali ya majina ya tovuti, yaani DNS, yanafuata njia uliyokusudia, maana mara nyingi ndiyo yanayovuja. Kama kompyuta ni ya mwajiri, uliza kwanza. Ofisi zenye masharti kama ya NIST hazitakubali. Na ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli au mgahawa, zima mgawanyo na ruhusa ya mtandao wa ndani, au achana na Wi-Fi hiyo kabisa na utumie bando la simu yako.