Skapulari na Hirizi: Historia ya Neno na Vazi katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Utangulizi

Vipande viwili vidogo vya kitambaa cha sufu, vya rangi ya kahawia, vimeunganishwa kwa nyuzi mbili. Kimoja hukaa kifuani na kingine mgongoni, na nyuzi hupita juu ya mabega. Mkristo Mkatoliki anayekivaa kitu hiki hukiita skapulari. Jirani yake asiyekifahamu huweza kukitazama akauliza kama si hirizi. Swali hilo ni fupi, lakini linagusa historia ya dini na historia ya lugha kwa pamoja.

Mhadhara huu unalichunguza swali hilo katika eneo la Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Eneo hili linafaa kwa sababu mikondo kadhaa ilikutana hapo katika muda mfupi: imani za Wanyakyusa na majirani zao, Kiswahili kilichotoka pwani kikiwa na msamiati wake wa Kiislamu, misioni za Kiprotestanti za Wajerumani, na hatimaye Kanisa Katoliki. Hoja inayotetewa ni kwamba katika Kiswahili tofauti kati ya skapulari na hirizi imehifadhiwa na kitenzi kuliko nomino. Nomino ni ngeni na haijielezi. Kitenzi kinachotumika pamoja nayo ndicho kinachobeba mafundisho.

Asili ya vazi

Neno skapulari linatokana na Kilatini, ambamo scapulae ni mabega. Katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6, sura ya 55, skapulari imetajwa miongoni mwa mavazi ya wamonaki, nayo ilikusudiwa kuvaliwa wakati wa kazi. Kwa asili, basi, lilikuwa vazi la kazi. Baadaye lilikuwa sehemu ya vazi rasmi la mashirika mengi ya kitawa: kitambaa kirefu kinachoshuka mbele na nyuma juu ya kanzu.

Walei waliotaka kushiriki maisha ya kiroho ya watawa bila kuingia utawani walipewa vazi hilo katika umbo lililopunguzwa, hadi likabaki vipande viwili vidogo. Mashirika mbalimbali yana skapulari zake, na rangi zake hutofautiana. Iliyoenea zaidi ni ile ya kahawia ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, ambaye sikukuu yake huadhimishwa tarehe 16 Julai. Mapokeo ya Wakarmeli husema kwamba mwaka 1251 Bikira Maria alimtokea Simon Stock, mkuu wa shirika hilo, akampa skapulari pamoja na ahadi kwamba atakayekufa akiwa ameivaa hatapata mateso ya moto wa milele. Wanahistoria wameyatilia shaka masimulizi hayo, kwa kuwa maandishi yanayoyataja yalitokea muda mrefu baada ya tukio linalosimuliwa. Aidha, hati ya mwaka 1322 iliyonasibishwa na Papa Yohane XXII, iliyoahidi ukombozi wa haraka kutoka toharani, haikubaliwi na watafiti kuwa ni yake. Mwaka 1613 Roma iliweka mipaka kuhusu namna ahadi hiyo ingeweza kuhubiriwa.

Mambo haya yana maana kwa mjadala huu. Kanisa lenyewe, muda mrefu kabla skapulari haijafika Afrika ya Mashariki, lilikuwa limekwisha kukabiliana na hatari ya waumini kukitegemea kitambaa kana kwamba kina nguvu ndani yake. Swali la jirani wa Kyela halikuzaliwa Kyela.

Mwambao na maneno yake

Kiswahili kilifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa pamoja na biashara ya misafara. Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara Mlozi alikuwa na ngome karibu na Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe, na vita vilivyozuka mwaka 1887 baina yake na Kampuni ya African Lakes vilikoma kabisa aliposhindwa na kuuawa mwaka 1895. Pamoja na bidhaa, watu wa pwani walikuja na maneno. Mojawapo lilikuwa hirizi, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kulinda au kuhifadhi. Katika matumizi ya pwani, hirizi ni kitu kinachovaliwa mwilini, mara nyingi maandishi yaliyoshonewa ndani ya ngozi au kitambaa, ili kumkinga mvaaji na madhara. Jamaa zake katika msamiati ni talasimu, kago na zindiko.

Mwaka 1891 walifika wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani. Wamoravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walianza Rungwe, na baadaye wakawa na kituo Ipyana, katika nchi tambarare ya Kyela. Misioni ya Berlin, chini ya Alexander Merensky, ilianza kazi katika nchi hiyohiyo na kufika ufukweni, hadi Ikombe na Matema. Walioongoka walitakiwa kuachana na dawa za kinga. Kwa hiyo, katika sehemu hii ya ziwa, Ukristo ulijulikana kwanza kama dini inayomvua mtu vitu vya shingoni.

Jambo la kuvutia ni kwamba wamisionari hao hawakukataa kila neno la kale. Kyala lilikuwa jina la mkuu wa kimungu aliyeheshimiwa mahali patakatifu karibu na Ikombe, kwenye ufuko wa ziwa. Wakristo walilichukua jina hilo wakalifanya jina la Mungu, na hadi leo Mnyakyusa anayesali kwa lugha yake humwita Mungu Kyala. Neno lenye historia ya ibada ya jadi lilipewa maana mpya na likakaa. Hirizi halikupata bahati hiyo. Sababu inaonekana katika maana zenyewe: Kyala lilimtaja mhusika anayeweza kuombwa, na maombi yaliweza kuelekezwa upya, hirizi lilitaja kifaa kinachofanya kazi bila kuombwa, na kifaa cha namna hiyo hakikuwa na mahali katika mafundisho ya Kikristo.

Kanisa Katoliki lilikuja kujijenga baadaye katika nchi hii. Misioni inayojitegemea ya Tukuyu iliundwa mwaka 1932. Mbeya ikawa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 2018. Wakatoliki wa Kyela waliishi, tangu mwanzo, miongoni mwa majirani Wamoravian na Walutheri waliokwisha kufundishwa kwamba Mkristo havai kinga. Rozari, medali na skapulari zilionekana mbele ya macho yaliyozoea kutofautisha Mkristo na asiye Mkristo kwa shingo iliyo wazi. Hivyo mvaaji alihitaji jibu, na jibu lilihitaji maneno.

Nomino isiyotafsiriwa

Kiswahili cha Kikatoliki kilipata msamiati wake kwa njia tatu. Baadhi ya maneno yalitafsiriwa kwa maneno yaliyokuwapo, kama toba, lenye mizizi ya Kiarabu. Mengine yaliundwa, kama visakramenti, ambapo kiambishi vi- cha udogo kiliwekwa kwenye sakramenti ili kuonyesha kwamba vitu hivi ni vya daraja la chini ya sakramenti. Mengine yaliachwa na asili yake ya Ulaya: misa, rozari, novena, skapulari.

Kwa umbo, skapulari lilikubaliwa bila taabu. Limemalizikia kwa irabu kama rozari na seminari, na limeingia katika ngeli ya 9/10: skapulari hii, skapulari hizi. Mkusanyiko wa konsonanti sk- mwanzoni si mgeni kwa mzungumzaji aliyezoea skuli na skauti. Kwa maana, hata hivyo, neno hili halisemi lolote kwa asiyejua Kilatini. Ukimya huo ulikuwa faida na hasara. Ulikuwa faida kwa sababu neno halikuja na kumbukumbu za uganga. Ulikuwa hasara kwa sababu neno tupu hujazwa maana na walio karibu nalo, na palipokuwa na hirizi, maana iliyokuwa tayari kulijaza ilikuwa ileile ya hirizi.

Ndiyo sababu nomino hii mara nyingi husaidiwa na nyingine, kama katika fungu la maneno vazi la skapulari. Neno vazi linairudisha skapulari kwenye asili yake ya kitawa na kuiondoa katika kundi la vifaa vya kinga.

Kitenzi kinachofundisha

Uthibitisho mkubwa zaidi umo katika vitenzi. Hirizi hutengenezwa, hununuliwa, hufungwa na huvaliwa. Mtu huifuata kwa mganga kwa sababu ya shida maalumu, hulipa, huifunga mkononi au kiunoni, na uhusiano wake na mganga huweza kuishia hapo. Skapulari hupokelewa, na mtu huvikwa. Kuvika ni kauli ya kusababisha ya kuvaa: yupo anayevisha na yupo anayevishwa. Mtu hawezi kujivika skapulari kwa mara ya kwanza. Huibariki padre au shemasi, humwekea mwamini mabegani kwa sala, na kwa tendo hilo mwamini huingizwa katika ushirika wa familia ya Karmeli. Utaratibu wa ibada hiyo ulioidhinishwa mwaka 1996 unasisitiza maana hii ya kuingizwa katika jamaa. Skapulari ya kwanza ikichakaa, mwamini huweza kuvaa nyingine bila kurudia ibada, kwa kuwa kilichotolewa siku ile kilikuwa uanachama na ahadi, na kitambaa ni alama yake.

Tofauti ya vitenzi yaonekana wazi pale kitambaa kinapoondolewa. Mnamo tarehe 16 Desemba 1910, wakati wa Papa Pius X, Roma iliruhusu skapulari ya kitambaa ibadilishwe kwa medali yenye sura ya Moyo Mtakatifu wa Yesu upande mmoja na ya Bikira Maria upande mwingine, mradi kuvikwa kwa mara ya kwanza kufanyike kwa kitambaa. Katika nchi ya Kyela, yenye joto, mvua nyingi na kazi za mashamba ya mpunga yenye maji, manufaa ya ruhusa hiyo hayahitaji maelezo marefu: sufu huoza, metali hudumu. Lakini kwa upande wa lugha, ruhusa hiyo ilizua ugumu. Medali si vazi, wala haikai mabegani. Yaweza hata kubebwa bila kuvaliwa shingoni. Mtu mwenye medali huendelea kusemwa kuwa amepokea skapulari. Nomino vazi haimfai tena. Kitenzi kupokea kinamfaa bado.

Kinga na jamaa

Ingekuwa makosa kudhani kwamba mawazo ya Wanyakyusa kuhusu kinga yaliishia kwenye vitu vya kuvaliwa. Godfrey Wilson na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walieleza imani juu ya abamanga, walinzi wa kijiji walioaminiwa kuwaona wachawi usiku na kuwapinga. Walieleza pia wazo la pumzi ya watu, yaani kwamba ghadhabu ya haki ya majirani huweza kumdhuru mkosaji. Katika fikra hizo, ulinzi hutoka kwa watu wanaoishi pamoja vizuri, na mtu aliyetengana na wenziwe hana ulinzi kamili.

Ikiwa ni hivyo, skapulari ina jirani mwingine katika fikra za mwambao huu asiyekuwa hirizi. Anayevikwa skapulari huingia katika jamaa inayomwombea na ambayo naye huiombea. Anategemea wenziwe walio hai na waliokufa, chini ya Mama wa Kristo. Ulinzi anaoutumaini ni wa mtoto nyumbani kwa mamaye. Ulinganisho huu haumaanishi kwamba imani mbili ni moja. Unaonyesha tu kwamba mwalimu wa dini anayetaka kuifafanua skapulari kwa Mnyakyusa ana njia iliyo karibu zaidi kuliko ile ya kuanza kwa kukanusha hirizi.

Hatari, hata hivyo, haijaondoka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inakemea uvaaji wa hirizi katika aya ya 2117, na katika aya ya 1670 inaeleza kwamba visakramenti havitoi neema kwa namna ya sakramenti, bali kwa sala ya Kanisa huwaandaa watu kuipokea. Kati ya aya hizo mbili ndipo anaposimama mvaaji wa skapulari. Anayeivaa huku ameacha sala, akitumaini kwamba uzi ulio shingoni utamtetea siku ya kufa, amevuka kutoka aya moja kwenda nyingine ingawa kitambaa ni kilekile. Mwaka 2001, katika kumbukumbu ya miaka 750 ya mapokeo ya skapulari, Papa Yohane Paulo II aliwaandikia Wakarmeli kwamba naye aliivaa kwa muda mrefu, na akaifafanua kama alama ya agano linalopaswa kuonekana katika mwenendo.

Hitimisho

Historia ya skapulari katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa inatoa funzo kwa wanafunzi wa Kiswahili. Wakusanyaji wa istilahi hutafuta nomino, na kamusi nyingi za taaluma ni orodha za nomino. Katika kisa hiki nomino mkopo ililetwa kutoka mbali, ikakaa bila kufahamika, na ikawa karibu kumezwa na neno jirani. Kilichoiokoa ni vitenzi vya kila siku vya Kiswahili, kupokea na kuvikwa, ambavyo mzungumzaji wa Kyela hahitaji kufundishwa maana yake.

Jirani anayeuliza kama kile si hirizi hajibiwi vyema kwa jina la Kilatini. Hujibiwa kwa kuelezwa nani aliyemvika mwenziwe, siku gani, mbele ya nani, na kwa ahadi ipi. Asiyeweza kueleza hayo, hata akiijua nomino, ana kitambaa tu shingoni.