Kitabu cha Chuo Kilivyorudi Mfukoni mwa Mzazi

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Katika miaka ya 1970 na 1980, mzazi aliyemsindikiza mwanawe stendi alikuwa amemkabidhi kwa dola: chakula, malazi, hata fedha za vitabu vilikuwa juu ya Serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sera ya uchangiaji gharama ikaugeuza mkataba huo. Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo, na vitabu na viandikwa vikawa deni. Asiyepata mkopo humtazama mzazi, na mzazi hulitazama zizi.

Sipingi kuchangia. Lawama yangu ni kwamba mzazi hakuandaliwa. Wengi wangali wakipiga hesabu kwa kumbukumbu za enzi ile. Mmoja wao, mkulima, aliniuliza mwaka jana kwa nini mdogo asirithi vitabu vya kaka yake, kama walivyorithishana shule ya msingi. Nilimweleza kwamba huyo kaka naye alisomea kopi, kurasa 40 za kitabu kizima, na wino wake umekwisha kufifia.