Bluugamu Ipi?

Meru na Embu, mkaratusi wowote mrefu ni "bluugamu". Kwa haki, jina hilo ni la Eucalyptus globulus: majani machanga ya kijivu-samawati, vitumba vikubwa vyenye vinundu, kwa kawaida kimojakimoja. Miti iliyojaa mashambani, ile ya nguzo na kuni za kukaushia chai viwandani, mara nyingi ni grandis au saligna, yenye vitumba vidogo laini vinavyokaa kwa vishada. Kutenganisha aina hizo mbili za mwisho ndiyo kazi. Gome halisaidii sana. Okota tunda kavu utazame vijimeno vya mdomoni: vya grandis hujikunja ndani, vya saligna husimama au hutanuka nje. Unaponunua miche, usiitishe bluugamu, taja aina.