Mazembe ya 2010: samaki wa Mweru, shule ya watawa na safari ya Abu Dhabi

Desemba 14, 2010, katika Uwanja wa Mohammed bin Zayed mjini Abu Dhabi, kipa Robert Kidiaba alikaa kitako kwenye nyasi, akanyoosha miguu mbele, akaanza kurukaruka kwa makalio. Alikuwa na umri wa miaka 34. Timu yake, TP Mazembe ya Lubumbashi, ilikuwa imeilaza Internacional ya Porto Alegre, mabingwa wa Amerika Kusini, mabao 2-0. Kabla ya siku hiyo hakuna klabu kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini iliyokuwa imetinga fainali ya Kombe la Dunia la Klabu.

Habari ya msimu ule mara nyingi husimuliwa kama habari ya shaba: Katanga ina madini, madini yana pesa, na pesa hununua mpira. Ukiisimulia ukiwa kwenye Ziwa Mweru unalazimika kuanza na samaki.

Msomaji wa pwani akisikia Kilwa atafikiria Kisiwani au Kivinje. Mweru nako kuna Kilwa, tena mbili. Moja ni kisiwa cha Zambia kusini mwa ziwa, ng'ambo ya Nchelenge. Nyingine ni mji wa Kongo kwenye ufukwe wa magharibi, kama kilomita 350 kutoka Lubumbashi.   Kati ya fukwe hizi mbili mpaka uko kwenye ramani, lakini boti za samaki na abiria huuvuka kama mtu anayevuka barabara.

Enzi za Wabelgiji, samaki wa Mweru na wa mto Luapula walilisha wafanyakazi wa migodi ya Katanga. Biashara hiyo iliwavuta Wagiriki na Wayahudi kutoka visiwa vya Mediterania, na mmoja wao alikuwa Nissim Soriano kutoka Rhodes. Mwanawe Moïse Katumbi alizaliwa mwaka 1964 na kukulia Kashobwe, kijiji cha Kongo kando ya Luapula, mahali ambapo ukitazama ng'ambo unaiona Zambia. Familia iliishi kwa biashara ya samaki. Katumbi ndiye aliyeshika uongozi wa Mazembe mwaka 1997 na kuirudisha kileleni.

Klabu yenyewe ilikuwa na historia ndefu kuliko yake. Mwaka 1939 watawa Wabenedikto waliokuwa wakiendesha shule ya Saint-Boniface huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, waliwaundia vijana wao timu na kuiita Saint-Georges. Basi hii ilianza kama timu ya wanafunzi. Baadaye ikaitwa Saint-Paul, kisha ikachukua jina la kampuni ya matairi, Englebert. Mwaka 1966 ilimaliza msimu bila kufungwa, ikajiongezea maneno "Tout Puissant", yaani mwenye nguvu zote. Majigambo, ndiyo, ila yalikuwa na ushahidi. Mwaka 1967 ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika baada ya Asante Kotoko kutotokea kwenye mechi ya tatu ya fainali, kwani zile mbili za kwanza zilikuwa zimeisha sare. Mwaka 1968 ikalitetea kwa kuishinda Étoile Filante ya Lomé jumla ya mabao 6-4. Baada ya hapo, kwa taji hilo, ukame wa miaka 41.

Taji lilirudi mwaka 2009 kwa tofauti nyembamba kama uzi: Heartland ya Nigeria ilishinda 2-1 kwake, Mazembe ikashinda 1-0 Lubumbashi, bao la ugenini likaamua. Desemba hiyo wakaenda Kombe la Dunia la Klabu mjini Abu Dhabi kama mabingwa wa Afrika na wakafungwa mechi zote mbili, na Pohang ya Korea Kusini na, aibu zaidi, Auckland City ya New Zealand.

Kwa hiyo 2010 ilianza na deni. Ikaongezeka balaa. Mwezi Mei, katika Kombe la Kagame mjini Kigali, mchezo dhidi ya APR uligeuka vurugu dhidi ya mwamuzi, na FIFA ikamfungia Trésor Mputu mwaka mzima pamoja na mwenzake Guy Lusadisu, aliyepewa miezi 11. Mputu hakuwa mchezaji wa kawaida. Mwaka 2009 alichaguliwa mchezaji bora wa michuano ya kwanza ya CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za ndani ya Afrika, ambayo Kongo ilishinda. Timu nyingi zikimpoteza mtu wa namna hiyo katikati ya msimu hutafuta visingizio.

Mazembe ilibadilisha pia kocha. Lamine N'Diaye, Msenegali, alikuta kikosi ambacho wengi wake walikuwa Wakongo waliobaki nyumbani, na Mzambia Given Singuluma alikuwa kati ya wageni wachache. Nusu fainali waliitoa JS Kabylie ya Algeria: 3-1 Lubumbashi, 0-0 ugenini. Fainali ya kwanza ilichezwa Oktoba 31 Lubumbashi, katika uwanja ulioko kata iitwayo Kenya, na Espérance ya Tunis ikachapwa 5-0. Marudiano ya Tunis, 1-1, yalikuwa ya kukamilisha ratiba. Mazembe ikawa klabu ya kwanza kutetea ubingwa huo mara mbili katika historia yake.

Abu Dhabi, safari hii, Mbenza Bedi aliifunga Pachuca ya Mexico dakika ya 21, na Kidiaba akalinda bao hilo hadi mwisho. Dhidi ya Internacional, Mulota Kabangu alifunga dakika ya 53 na Dioko Kaluyituka akamaliza kazi dakika ya 85. Inter Milan kwenye fainali walikuwa mlima mwingine. Pandev na Eto'o walifunga ndani ya dakika 17 za mwanzo, Biabiany akaongeza la tatu mwishoni. Rafael Benítez aliyeinua kombe hilo aliondoka Inter kabla ya Krismasi. Mpira nao una vituko vyake.

Lubumbashi ilipokea matokeo kwa hasira. Mwamuzi alikuwa Mjapani, Yuichi Nishimura, lakini baadhi ya vijana waliamini ni Mchina na wakavamia maduka ya Wachina. Ni doa, na anayeandika historia ya msimu ule akaliacha anaandika sifa tu.

Pesa za Katumbi zilisaidia sana, hilo si la kubisha. Ila zilifanya jambo ambalo klabu nyingi za ukanda wetu hazijaliweza: ziliwabakiza nyumbani wachezaji ambao Ulaya ingewachukua kwa bei ya chini. Mabao yote matatu ya Abu Dhabi yalifungwa na Wakongo. Baadaye mlango ulifunguka kwa majirani. Stoppila Sunzu alikuwa mchezaji wa Mazembe alipofunga penalti iliyoipa Zambia Kombe la Afrika mwaka 2012 mjini Libreville, na Mtanzania Mbwana Samatta aliondoka na kiatu cha mfungaji bora katika taji la Afrika la 2015.

Kikosi cha 2015 kilikuwa na majina makubwa zaidi, lakini kwenye Kombe la Dunia la Klabu nchini Japan kilifungwa 3-0 na Sanfrecce Hiroshima katika mechi yake ya kwanza. Kwa hiyo kwangu 2010 inabaki juu. Tangu wakati huo klabu moja tu ya Afrika imefika fainali ya kombe hilo, Raja Casablanca mwaka 2013, nayo ilifungwa 2-0 na Bayern Munich.