Msosi wa nguvu kwa jiko moja: dagaa, michembe na ugali wa jioni Nyegezi

Nyegezi, kusini mwa jiji la Mwanza, ina watu wengi wanaorudi nyumbani giza limeshaingia: wanafunzi wa vyuo, wafanyabiashara wa stendi ya mabasi, vibarua, wapangaji wa chumba kimoja. Wengi wana jiko moja tu, la mkaa au la mtungi mdogo wa gesi. Swali la kila jioni ni lile lile: mtu atashibaje bila kusimama jikoni saa mbili?

Jibu liko sokoni, kwenye vyakula vikavu vya Kanda ya Ziwa. Dagaa, michembe, matobolwa na nsansa vilianza kukaushwa zamani ili familia ivuke kiangazi. Leo vinamsaidia hata mtu wa geto: havitaki friji, na sehemu kubwa ya kazi ilishafanywa na jua.

Kuchagua dagaa

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazifui dafu, na wavuvi wengi hupumzika. Ndiyo maana dagaa huwa wengi siku za giza, kisha hupungua mwezi ukiwa mpevu. Anayetaka kununua sado nzima afadhali aangalie mwezi kwanza.

Dagaa wazuri wanang'aa kama fedha na wanakatika "ta!" wakivunjwa. Wakiwa wa njano au kahawia na wana harufu kali, mafuta yao yameshaharibika. Wakiwa laini, hawakukauka vizuri, jambo linalotokea sana msimu wa mvua. Walioanikwa kwenye chanja huwa wasafi kuliko walioanikwa mchangani, hata kama bei yao iko juu kidogo.

Kusafisha bila mchanga

Mchanga ndio unaowafanya wengi wawakatae dagaa. Dawa yake ni hii: dagaa wamwagiwe maji ya uvuguvugu, wakorogwe kwa mkono, wasubiri dakika moja mchanga utulie chini, kisha waokotwe kutoka juu. Kosa la kawaida ni kumimina maji na dagaa pamoja kwenye chujio, maana mchanga nao unarudi. Wakioshwa hivyo mara 3 au 4, wanatosha.

Asiyependa uchungu atoe vichwa na matumbo. Dagaa wakiliwa wazima, lakini, mifupa yao inampa mlaji madini ya chokaa, hasa watoto.

Kazi hii inaweza kufanywa mara moja kwa wiki. Dagaa wakishaoshwa hukaangwa bila mafuta kwenye moto mdogo mpaka wakauke kabisa, wakapoa, wakawekwa kwenye kopo lenye mfuniko. Jioni mpishi anachota tu.

Dagaa wa karanga: dakika 25

Kwa watu 3 au 4: vikombe 2 vya dagaa waliosafishwa, kitunguu 1, nyanya 3, nusu kikombe cha karanga zilizosagwa, vijiko 3 vya mafuta, chumvi, na ndimu ikipatikana.

Kitunguu kikaangwe mpaka kiwe cha rangi ya dhahabu. Dagaa wafuate, wageuzwe dakika 3. Nyanya ziingie na chumvi, sufuria ifunikwe mpaka zilainike. Karanga zikorogwe pembeni kwa kikombe kimoja na nusu cha maji ya baridi, ndipo zimiminwe. Zikitiwa kavu zinafanya mabonge. Moto upunguzwe, mchuzi utokote taratibu dakika 10 huku ukikorogwa, kwani karanga hushika chini haraka. Ndimu ni mwisho, sufuria ikishaepuliwa.

Mboga kwanza, ugali mwisho

Kwenye jiko moja, mpangilio ndio siri yote. Mboga ipikwe kwanza, ifunikwe na kuviringishwa kwa kitambaa kizito. Itakaa na moto wake dakika 20 bila shida. Ugali usubiri, maana ukipoa unakuwa mgumu. Maji ya ugali yakianza kuchemka, kachumbari inakatwa. Haihitaji moto kabisa.

Kwa watu 3, vikombe 4 vya maji hupokea vikombe 2 na nusu hadi 3 vya unga wa sembe. Uji mwepesi utangulie na uchemke dakika 3 hadi 5, ndipo unga uongezwe na kusongwa. Anayeruka hatua ya uji anaishia na ugali mbichi katikati. Dona inataka muda zaidi kidogo, lakini inashibisha na kukaa tumboni.

Wapenzi wa ugali wa muhogo wawe makini na unga wanaonunua. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, inayopungua muhogo ukilowekwa au kuvundikwa siku kadhaa na kukaushwa vizuri. Mwaka 1985, baada ya ukame, watu wilayani Tarime walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, unaohusishwa na muhogo mchungu uliochakatwa harakaharaka. Unga wa muuzaji anayefahamika ni salama kuliko wa bei poa usiojulikana ulikotoka.

Michembe na maharage: sufuria moja

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, kisha hukatwa na kuanikwa, kwa hiyo hulainika haraka. Vyote ni chakula cha Wasukuma, na vina utamu wake bila sukari.

Maharage yalowekwe asubuhi kabla ya kutoka. Jioni maji ya kulowekea yamwagwe, maharage yachemshwe kwa maji mapya mpaka yakaribie kuiva. Michembe iliyooshwa iongezwe hapo, na maji yaifunike. Baada ya dakika 30 hadi 40 huwa imelainika. Chumvi, kitunguu na kijiko cha karanga zilizosagwa humalizia. Muda wote huo mpishi hana cha kufanya zaidi ya kuangalia maji yasikauke. Anaweza kufua au kusoma.

Wengine huipika michembe peke yake na kuila kwa maziwa mgando. Huo nao ni mlo kamili.

Za pembeni

Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, hulowekwa dakika chache, huchemshwa mpaka yalainike, kisha hutiwa karanga au maziwa. Mchicha hutaka dakika 5 tu. Kachumbari ya nyanya, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, ndimu na pilipili huchangamsha hata ugali wa dagaa wa jana.

Siku mfuko ukiruhusu, sato apikwe chukuchuku: vipande vipangwe juu ya nyanya na vitunguu, chumvi, ndimu, kikombe kimoja cha maji, mfuniko, dakika 15 hadi 20. Asikorogwe na mwiko. Sufuria itikiswe tu ili asivunjike.

Moto na usalama

Hapa ndipo uvivu unaweza kuua. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala lisiingizwe ndani "limalizie maharage" wakati watu wamelala. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hashtuki. Jiko likae nje au kibarazani. Wa gesi afunge mtungi akimaliza kupika.

Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa sasa, mwenye mkaa na mwenye gesi wote wanabana matumizi kwa njia zile zile: kuloweka, kufunika sufuria, na kupunguza moto maji yakishachemka.

Asiye na friji apike kinachotosha jioni na asubuhi inayofuata. Kiporo kichemshwe mpaka kitokote kabla ya kuliwa, na kikiwa na povu au harufu ya kuchacha kimwagwe. Hasara ya bakuli moja la maharage ni ndogo kuliko gharama ya kuumwa tumbo.