Maonyesho ya sikukuu: Kiingilio kinanunua nini?

SIKUKUU zinapokaribia, iwe Idd, Krismasi, Mwaka Mpya au Nane Nane, mabango ya burudani hutapakaa mijini. Kila bango huahidi kuwa wasanii watatumbuiza "laivu" na kwamba familia nzima itafurahi. Swali ambalo wazazi wengi hujiuliza wakiisharejea nyumbani ni moja: tulilipia nini hasa?

Swali hilo sasa linawagusa pia wakazi wa Gulwe, wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma. Kwa miongo mingi Gulwe ilifahamika kama stesheni ya Reli ya Kati, katika kipande cha kutoka Kilosa ambacho mafuriko yamekikata mara nyingi. Treni ya umeme ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, Gulwe ilikuwa imepata stesheni katika reli mpya pia. Kwenda kusherehekea mjini si safari ya kutisha tena.

Hata hivyo, mtu wa Gulwe haendi mjini bila kipimo chake mwenyewe. Amekulia katika nchi ya Wagogo, ambako onyesho hai halikuwa kitu cha kulipia mlangoni. Kipimo hicho kinaweza kumfaa hata msomaji wa mjini.

Kutoka uwanjani hadi jukwaani

Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere alipounda wizara ya utamaduni, alitaka ngoma za makabila zipate heshima ya kitaifa. Mwaka 1967 kikafunguliwa Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, chenye nyumba za asili za jamii mbalimbali, ikiwamo tembe ya Wagogo. Ngoma huchezwa palepale, mbele ya nyumba hizo. Kenya nayo ilianzisha Bomas of Kenya jijini Nairobi mwaka 1971 kwa shabaha inayofanana.

Ughaibuni, Disneyland ilifunguliwa California, Marekani, mwaka 1955, na kuanzia 1958 ikawa na maonyesho ya kwaya na mishumaa wakati wa Krismasi. Tangu hapo maonyesho ya sikukuu yamekuwa biashara kubwa katika viwanja vya burudani duniani.

Kwa wakazi wa Dodoma, mahali panapokaribia viwanja vya namna hiyo ni Nzuguni, penye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Humo mtazamaji hutembea kati ya mabanda, hula, hununua, na husimama kutazama vikundi vya burudani.

Tatizo la jukwaa ni muda. Ngoma ya jando au ya mavuno, ambayo kijijini huchukua saa nyingi na kila hatua yake ina sababu, hukatwa ikawa ya dakika chache ili ipishe kikundi kinachofuata. Mtazamaji huona miruko na mavazi. Maana hubaki kijijini.

Kipimo cha Wagogo

Katika muheme, wanawake hupiga ngoma kwa mikono huku wamezibana kati ya mapaja. Kila mpigaji ana pigo lake, na mapigo hayo husukana. Mmoja akikosea, wote husikika wamekosea. Hakuna pa kujificha, na hapo ndipo ulipo utamu wa onyesho hai.

Ala nyingine za Wagogo ni za sauti ndogo. Zeze na marimba ya mkono, ambayo vipande vyake vya chuma hubonyezwa kwa vidole, huhitaji utulivu. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki dunia Desemba 2003, alizipeleka ala hizo katika majukwaa ya Ulaya na zikasikilizwa kwa makini. Ala hizohizo zikipandishwa jukwaani katikati ya spika zinazonguruma, hazisikiki. Aibu humwangukia msanii, ilhali kosa ni la mwandaaji aliyeshindwa kupanga vipaza sauti.

Kwa sababu hiyo, Tamasha la Muziki wa Cigogo lililoanza mwaka 2009 huko Chamwino lina somo. Vikundi hucheza katika ardhi yao, mbele ya watu wanaozijua nyimbo. Kikundi kinacholipua hakiwezi kuwadanganya.

Watoto kwanza

Ubora si suala la sanaa pekee. Oktoba 1, 2008, siku ya Idd el Fitr, watoto wapatao 20 walipoteza maisha mjini Tabora katika ukumbi wa disko uliofurika kupita kiasi. Walikuwa wamekwenda kusherehekea. Tangu msiba huo, polisi katika mikoa mbalimbali wamekuwa wakitangaza marufuku ya disko toto sikukuu zinapowadia.

Msiba ule ulionyesha kuwa mwandaaji anayeuza tiketi bila kuhesabu vichwa hawezi kutetewa na uzuri wa muziki wake.

Mambo ya kuangalia

Kabla ya kulipa, mtazamaji anaweza kuuliza mambo manne.

Mosi, je, wasanii wataimba na kupiga ala wenyewe, au watachezesha midomo juu ya sauti iliyorekodiwa? Kama ni rekodi, neno "laivu" halistahili kuwamo kwenye bango.

Pili, je, kila kikundi kimepewa muda wa kutosha, na kuna mtu wa kueleza ngoma inatoka wapi na huchezwa lini?

Tatu, je, idadi ya watu ina kikomo, milango ya dharura iko wazi, na hewa inatosha?

Nne, je, wasanii wanalipwa? Kikundi kilichosafiri kutoka kijijini kwa ahadi ya soda na nauli hakiwezi kucheza kwa moyo, na mtazamaji hulitambua hilo haraka.

Majibu yakikosekana, mzazi asione haya kuondoka na wanawe. Kiingilio si sadaka.