Seiko Hashimoto: Bingwa wa barafuni aliyepanda baiskeli

Seiko Hashimoto ni mwanamichezo na mwanasiasa wa Japani aliyeshiriki Michezo ya Olimpiki mara saba: minne ya majira ya baridi na mitatu ya majira ya joto. Alizaliwa Oktoba 5, 1964, katika kisiwa cha Hokkaido, siku tano kabla ya kufunguliwa kwa Olimpiki ya Tokyo. Jina lake lilitokana na mwenge wa michezo hiyo.

Utotoni aliugua maradhi ya figo, lakini alipona na kung'ara katika mbio za kuteleza kwenye barafu. Mwaka 1988, miezi michache baada ya kushindana Calgary, alikuwa Seoul, ambako mbio fupi za baiskeli za uwanjani kwa wanawake ziliingizwa Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mwaka 1992 alitwaa shaba ya mita 1,500 barafuni huko Albertville, kisha akapanda tena baiskeli Barcelona.

Mwaka 1995 alichaguliwa kuingia Baraza la Juu la Bunge, na mwaka uliofuata, akiwa mbunge, alishindana Atlanta. Medali ya baiskeli hakuipata.

Februari 2021 aliteuliwa rais wa kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo, baada ya Yoshiro Mori kujiuzulu kutokana na matamshi yake kuhusu wanawake. Agosti 8 mwaka huo, Yumi Kajihara alitwaa fedha, medali ya kwanza ya Olimpiki ya baiskeli kwa mwanamke wa Japani.